Kiharusi kilipobisha hodi ukweni

Siku ya harusi kila mtu anaapa. Kwa shida na raha, kwa afya na maradhi, MC anapaza sauti, akina mama wanapiga vigelegele, keki inakatwa. Nani siku hiyo anawaza pampasi za mtu mzima? Nani anawaza kumnywesha uji kwa kijiko mwanaume ambaye jana tu alibeba gunia la vitunguu mgongoni? Naamini hata wewe unayesoma ukurasa huu, uwe umeoa, umeolewa au bado mko kwenye uchumba, hilo halijawahi kukupitia kichwani.

Mwezi huu naomba tuyaweke pembeni kidogo mambo ya wivu na nyumba ndogo, tuongelee kiharusi. Wengine wanaita stroku, wengine wanasema fulani "amepararaizi". Jina lolote utakalolipa, kikiingia ndani ya nyumba hakimwachi mtu yeyote wa nyumba hiyo kama alivyokuwa.

Kwangu kiliingia kupitia ukweni.

Jembe lilipomponyoka

Ukweni kwangu ni Mang'ola, wilaya ya Karatu, chini kabisa kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Kama umewahi kununua kitunguu sokoni Arusha au Nairobi, inawezekana kabisa kilitoka huko. Maji ya chemchemi yanapita kwenye mifereji, kila mkulima ana zamu yake, na watu wametoka pande zote kuja kulima: Wairaqw, Wanyiramba, Wachaga, Wasukuma. Wadatoga wanachunga mifugo yao, na Wahadzabe walikuwepo kabla ya wote.

Agosti 2023, saa kumi na mbili asubuhi, baba mkwe alikuwa shambani kwenye zamu yake ya maji. Ana miaka 61. Jembe likamponyoka mkono wa kulia. Akaliokota kwa kushoto, likamponyoka tena. Kibarua aliyekuwa naye alidhani mzee hajalala vizuri. Alipojaribu kuongea maneno yakatoka kama ya mlevi, na mzee huyu pombe aliiacha siku nyingi.

Wakamlaza kivulini. Jirani mmoja akasema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine akasema apelekwe kwa mtaalamu, hiyo ni kazi ya watu. Shemeji yangu akahangaika kutafuta gari, akalipata mchana. Ni kama kilometa 50 za vumbi na makorongo hadi Karatu mjini. Walipofika hospitali ilikuwa saa nane mchana. Yaani saa nane nzima tangu jembe lidondoke.

Mimi na mume wangu tulipata simu tukiwa kazini Dar. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye basi.

Kwa nini kila mtu anauliza "saa ngapi?"

Swali la kwanza la daktari lilikuwa mara ya mwisho mzee kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi. Mama mkwe aliona kama anapotezewa muda. Kumbe swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Kwa lugha rahisi, kiharusi kiko cha aina mbili. Cha kwanza, damu inaganda na kuziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Cha pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kwa nje vinafanana: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Daktari bingwa hata awe hodari vipi hawezi kuvitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa. Inatakiwa picha ya CT-scan. Ndiyo maana usikimbilie kumpa mgonjwa aspirini nyumbani eti umesikia inasaidia. Kama ni mshipa uliopasuka, unaweza kumzidishia damu kuvuja.

Kwa mshipa ulioziba ipo dawa ya sindano inayoyeyusha damu iliyoganda, lakini inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Katika kiharusi kikubwa cha kuziba, ubongo unapoteza seli zinazokadiriwa kufika milioni 1.9 kila dakika. Sasa piga hesabu ya Mang'ola. Toa muda wa kubishana kama ni malaria, toa muda wa kutafuta gari, toa barabara. Na hata ukiwahi, dawa hiyo na wataalamu wa kuitoa hawapatikani kila hospitali. Hospitali nyingi za nchi yetu hazina.

Sitaki useme basi huku kwetu kiharusi hakina tiba. Karatu yenyewe iko hospitali ya FAME, iliyoanza kama kliniki mwaka 2008, na kwa miaka mingi daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, Dk. Michael Rubenstein, amekuwa akija na wenzake kutibu wagonjwa na kufundisha madaktari wa hapa. Kliniki zao za kutembea zimewahi kufika hadi Mang'ola. Kwa wilaya ya vijijini hiyo si haba.

Halafu kuna tiba ambayo haina mashine. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 7,000 waliopasuka mishipa ya ubongo, wengi wao wa nchi zenye kipato cha kati na cha chini. Waliposhushiwa presha haraka, wakadhibitiwa sukari na homa, na kurekebishiwa damu kama walikuwa wanatumia dawa za kuifanya nyepesi, walipona vizuri zaidi kuliko waliotibiwa kwa kawaida. Presha, sukari, homa. Hivyo ni vitu ambavyo hata hospitali ya wilaya inavipima.

Picha ya baba mkwe ilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Muda wa sindano ulishapita. Alipewa aspirini baada ya picha kuhakikisha hakuna damu iliyomwagika, na baadaye dawa za presha. Lakini nesi mmoja alifanya jambo ambalo nitalikumbuka. Mama mkwe alikuwa ameshamimina uji kwenye kikombe. Nesi akamwambia, "Mama, subiri kwanza." Akamketisha mzee wima, akampa kijiko kimoja cha maji, akamtazama koo. Mzee akakohoa. Siku hiyo hakupewa kitu mdomoni. Kumbe wagonjwa wengi wa kiharusi wanashindwa kumeza vizuri, chakula kinaingia kwenye mapafu, wanapata nimonia, na nimonia ndiyo inayowamaliza. Kijiko cha maji, kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumkalisha mapema. Mambo madogo kama hayo yanaokoa watu wengi.

Ni ugonjwa wa wazee wa kijijini?

Nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali nilijisemea kimoyomoyo, mzee wa watu, kijijini hakuna vipimo, ndiyo maana. Nikaanza kusoma. Nilichokikuta kilinifanya niitazame ofisi yetu kwa jicho lingine.

Kwa miaka mitatu kuanzia Juni 2003 watafiti waliandikisha wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu mbili za Tanzania: wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na eneo la Dar es Salaam. Baada ya kulinganisha umri, Hai walipata wagonjwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar? 316. Karibu mara tatu. Yaani sisi wa mjini, wenye hospitali kila kona, ndio tulioongoza.

Kuna la kuchekesha zaidi. Watafiti wengine waliuliza watu wa Dar na wa Hai kiharusi kinaletwa na nini. Kule Hai, kijijini, wengi walitaja presha, mafuta kwenye chakula, mawazo. Dar wengi walitaja majini na uchawi. Haya bwana, mjini shule!

Na pale pale Mang'ola wanaishi majirani ambao wanasayansi wa dunia nzima wanawatazama kwa mshangao. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti kuhusu Wahadzabe unaoonyesha kwamba wanatumia kama dakika 135 kila siku kwenye shughuli za kutoa jasho, kutembea, kuchimba mizizi, kufuata nyuki na wanyama. Wataalamu wa afya wanatuomba sisi angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa Wahadzabe waliopimwa, presha ya juu ilikuwa nadra, hata kwa watu wazima wa umri mkubwa. Sisemi tuhamie porini, na wenyewe wana shida zao nyingi za maradhi ya kuambukiza na ardhi inayozidi kubanwa. Nasema tu kwamba presha si lazima ipande kwa kuwa umri umepanda.

Kinampata nani?

Tunachokosea wengi ni kudhani mgonjwa wa kiharusi ana sura moja. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kinawapata watu wenye umri mdogo kuliko Ulaya, mara nyingi kwa tofauti ya miaka kumi au zaidi. Nikupangie makundi.

Wazee wenye presha. Huko Hai, mwaka 2009 hadi 2010, watu wa miaka 70 na zaidi walipimwa. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Presha haiumi.

Sisi wa miaka thelathini na arobaini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Weka na sigara, kisukari, pombe, chumvi ya chipsi na siku nzima kwenye kiti.

Wajawazito na waliojifungua. Presha inayopanda wakati wa mimba, na kifafa cha mimba, vinaweza kuleta kiharusi, na wiki sita za baada ya kujifungua ni za hatari sana. Mama mwenye mtoto mchanga anayelalamika kichwa kinauma vibaya na haoni vizuri asiambiwe "umechoka tu, lala." Apelekwe akapimwe.

Watoto wenye selimundu. Ndiyo, watoto! Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa bila kinga, karibu 1 kati ya 10 wenye aina kali hupata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Kipimo cha mawimbi ya sauti kichwani kinaweza kuonyesha nani yuko hatarini, na kuongezewa damu au dawa ya haidroksiyurea kunapunguza hatari hiyo sana. Wachumba, hii nayo ni sababu ya kupima damu kabla ya ndoa.

Wanaoishi na VVU. Utafiti wa Hai na Dar ulikuta VVU vinaongeza hatari ya kiharusi. Kunywa dawa kila siku, na presha ipimwe kliniki hiyo hiyo.

Wenye ugonjwa wa moyo. Moyo unaopiga ovyo bila mpangilio unaweza kutengeneza damu iliyoganda na kuirusha hadi kwenye ubongo.

Je, wanapona? Ukweli ni mchungu. Kati ya wagonjwa wa utafiti ule wa Hai, karibu robo walifariki ndani ya siku 28, na baada ya miaka mitatu waliofariki walifika 6 kati ya 10. Hapo ndipo utajua kwamba kutoka hospitali akiwa hai ni mwanzo tu wa kazi.

Kikao

Baada ya siku tisa mzee aliruhusiwa. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu unaburuta, maneno hayatoki. Jioni ile ile ukoo ukakaa kikao.

Hoja ilikuwa moja: nani anamchukua? Kaka mkubwa wa mume wangu akasema mzee aende Dar kwa sababu "ninyi ndio mna uwezo, na huko kuna mabingwa." Wote wakanitazama mimi. Si mume wangu, mimi. Unajua jinsi inavyokuwa. Uuguzi ukitajwa, macho yanamtafuta mwanamke.

Nikasema, kwa heshima zote, kwamba sisi tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, tumepanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, haina lifti. Mzee atashinda na dada wa kazi wa miaka kumi na tisa, hajui Kinyiramba chake, haoni mfereji wake. Kukawa kimya. Shemeji mmoja akaguna, "Wanawake wa mjini."

Aliyenisaidia ni mama mkwe. Akasema, "Mkwe wangu amesema kweli. Huyu mtu nimeishi naye miaka thelathini na nane, haondoki hapa. Lakini na mimi si punda. Kama anabaki, nataka mtu wa kunisaidia kumwinua, na nataka zamu ya maji isipotee. Vitunguu ndivyo vilivyowasomesha."

Tukaandika kwenye daftari. Mume wangu na mimi tunalipa kijana wa kumsaidia mama pamoja na nauli ya mazoezi Karatu mara mbili kwa mwezi. Kaka mkubwa, dawa. Shemeji aliyeguna akapewa shamba alisimamie chini ya mama, si badala ya mama. Dada zao wanapokezana kuja wiki moja moja ili mama apumzike.

Kuna aliyesema mazoezi tutamfanyisha wenyewe nyumbani, ya nini kulipa mtaalamu. Nikamweleza kwamba India walijaribu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ndugu wa wagonjwa 600 na ushee walifundishwa kufanyisha mazoezi nyumbani, na mwisho wa siku hali za wagonjwa hazikuwa tofauti na za wale waliopata huduma ya kawaida. Upendo wa ndugu ni muhimu, lakini haushiki nafasi ya fundi.

Na mapenzi je?

Mama mkwe aliniambia jambo moja tukichambua mboga. "Nilikuwa na mume. Sasa nina mtoto mkubwa." Halafu akajifuta macho kwa kitenge.

Karibu theluthi moja ya wanaopona kiharusi wanapata sonona. Wanalia hovyo, wanakasirika, wanakataa kula. Mwenza naye anachoka na anaona aibu kusema amechoka. Kama ni nyumba yako, mwambieni daktari, msiifanye siri. Hata tendo la ndoa, ambalo watu huogopa litarudisha kiharusi, kwa wengi linawezekana hali ikishatulia. Muulizeni daktari pamoja, wote wawili mkiwa chumbani kwake.

Yule mzee hakuweza kusema hata jina la mkewe. Lakini Jumapili moja kwaya ilipita kumwombea, wakaanza kuimba, naye akaimba nao, maneno yakitoka mazima kabisa. Watu wakadhani ni muujiza. Daktari alituambia hilo hutokea: kuongea na kuimba havitumii njia ile ile kwenye ubongo. Tangu siku hiyo mama akitaka mzee amjibu, anaanza kwa kuimba. Wanaimbiana kuhusu chai, kuhusu kuku, kuhusu shati liko wapi. Leo anatembea kwa fimbo hadi kwenye mfereji. Mkono haujarudi. Maneno yanarudi moja moja.

Kipimo cha dakika tatu

Siku mzee anaruhusiwa, nesi alitupima presha watoto wote kwenye foleni. Mume wangu, miaka 38, mcheza mpira wa Jumamosi, alikuta 162 kwa 104. Wakarudia siku nyingine, ikawa hivyo hivyo. Akasema maneno ambayo baba yake aliwahi kuyasema: "Dawa ya presha ukianza huachi." Ndipo mama akatuambia kwamba mzee alipewa vidonge miaka miwili kabla, akajisikia mzima, akaviacha.

Tulibishana njia nzima ya kurudi, Karatu hadi Dar. Sikumlazimisha. Nilimuuliza swali moja tu: kati yangu na wewe, nani atamwinua mwenzake kitandani? Alinyamaza hadi Chalinze. Kidonge chake sasa kiko pembeni ya mswaki, na tumepunguza chumvi mezani, ingawa analalamika.

Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 32, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa mambo kumi tu, presha ikiongoza, yanahusika na takriban viharusi 9 kati ya 10. Maana yake vingi vinazuilika. Kwa hiyo mpenzi msomaji, kata kipande hiki ukibandike kwenye friji:

Mwambie atabasamu. Mdomo umepinda upande mmoja?
Mwambie ainue mikono yote miwili. Mmoja unashuka?
Mwambie aseme sentensi rahisi. Maneno yanaburuta au hayaeleweki?
Ukiona hata moja, tazama saa, iandike, tafuta gari. Usimpe chakula, maji wala aspirini. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi, nendeni vilevile, maana hilo huwa ni onyo.

Na wikiendi hii, kabla ya kwenda mtoko, piteni pamoja kwenye zahanati au duka la dawa lenye kipimo. Kaa dakika tano ukiwa umetulia, pima, badilishana na mwenzako. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudieni siku nyingine na mwone daktari. Ni dakika chache tu, na mnaweza kushikana mikono mkisubiri.